Mla Nzi Kaliwa

Katika ukoo wetu mimi ndiye "yule anayefuga mti". Watu wengine hapa Maskati wanafuga kasuku, na ami yangu kule Barka ana mbuzi aliowapa majina. Hao hawasemwi. Mimi nafuga mmea unaokula nzi, basi kila harusi lazima nitajwe.

Jina lake la kitaalamu ni Dionaea muscipula. Nyumbani tunamwita Mla Nzi. Asili yake ni Marekani, kwenye vinamasi vya Carolina Kaskazini na Kusini, jirani na mji wa Wilmington, na hana kwao kwengine. Mwaka 1760 gavana wa huko, Arthur Dobbs, alipeleka barua London kuhadithia maajabu yake. Udongo wa kinamasi ni fukara, hauna naitrojeni ya kutosha, kwa hiyo mmea umeota midomo ujitafutie wenyewe. Ndani ya kila mdomo mna vinyweleo vichache. Nzi akigusa mara moja, kimya. Akigusa tena kabla hazijapita sekunde kama 20, mdomo unafumba naye ndani. Tone la mvua haligusi mara mbili. Chenye uhai kinagusa. Shemeji yangu mmoja alinisikiliza nikimweleza yote haya kwa utulivu mkubwa, nilipomaliza akaniuliza kama nimeshapata kazi.

Kazi ninayo, na nyingine ndiyo hii ya kumtunza. Maji ya bomba hapa yanatoka baharini. Yanatolewa chumvi, kisha yanatiwa madini ili yatufae sisi wanaadamu. Mla Nzi madini yanamuua. Mbolea nayo inamuua, tena upesi zaidi. Anataka maji ya mvua, na mvua ya Maskati mnaijua. Kwa hiyo nakinga yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Wakati wa joto ndoo inajaa vizuri tu, na kila mgeni anayepita roshani anaiangalia ile ndoo, halafu ananiangalia mie, halafu anageuza mazungumzo.

Sasa, mwezi wa kumi na moja akaja shangazi kutoka Unguja, Mwembetanga. Siku ya kwanza tu akasimama mbele ya chungu.

"Huyu anakula nini?"

"Nzi, shangazi."

"Nzi tu? Na nyie mnalala usingizi?"

Tangu hapo kila akipita karibu yake baada ya magharibi alikuwa akisoma Ayatul Kursiy. Lakini moyo wa shangazi hauwezi kumwona mtu ana njaa akanyamaza, hata huyo mtu akiwa jini. Siku moja namkuta Mla Nzi kafumba mdomo mmoja, na ubavuni umechomoza mkia wa kipande cha nguru wa kukaanga. Nilieleza kwa adabu zote: mdomo ukishafumba, yule mdudu lazima aendelee kutapatapa humo ndani ndipo mmea utoe maji ya kumyeyusha, na nguru wa kukaanga hatapitapi. Shangazi akasema nguru yule alikuwa mbichi wa asubuhi, kanunua mwenyewe Mutrah. Haikuchukua muda mdomo ukawa mweusi, ukanuka, nikaukata.

"Basi pilipili ilizidi," akasema.

Ukafika wakati wa kumlaza. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa anayekaa nchi za joto. Kwao kuna baridi, na kila mwaka anapumzika miezi mitatu hadi minne. Usipompa mapumziko hayo, mwaka wa kwanza anavumilia, baada ya hapo anadhoofika mpaka anakufa. Baridi ya Maskati ni ya kuvalia koti jipya tu. Kwa hiyo wenye kufuga mimea hii katika nchi za joto wanatumia friji. Unamng'oa, unamwosha mizizi, unamkata midomo yote, unamviringishia sfagnamu mbichi, ile mimea laini ya kinamasi inayofyonza maji, unamtia kwenye mfuko wa plastiki, unamweka droo ya mboga ambako hagandi. Wangu alikuwa keshazaana, kichaka kizima. Nikamgawa, nikamfunga vizuri. Kinachobaki baada ya kumkata midomo ni kishina cheupe kilichovimba, chenye vikonyo vya kijani juu. Yaani, ukikiangalia bila elimu, kitunguu.

Kile chungu kitupu shangazi alikiona akanipa pole. Nikaitikia, maana kumweleza habari ya friji ningeanza wapi?

Ijumaa moja ami na watu wake wakaja kutoka Barka kula chakula cha mchana. Shangazi akafukuza watu wote jikoni tangu asubuhi. Tuliporudi msikitini sinia limeshawekwa: wali, kuku wa nazi, achari ya embe, kachumbari. Ami alichovya tonge kwenye mchuzi, akafumba macho.

"Dada, mchuzi wa leo una kitu."

"Una mkono wangu," shangazi akajibu.

Na kweli ulikuwa mzuri. Mimi mwenyewe niliongeza, na nilifuta bakuli kwa mkate, wala sitalificha hilo.

Baada ya kula nikapeleka sahani jikoni. Shangazi yuko kwenye sinki, anasugua sufuria kwa nguvu, na mkononi ana donge la kitu cha rangi ya kijani kilichofifia. Nilikitambua kabla akili haijakubali.

"Shangazi, hiyo nini?"

"Makumbi yenu haya. Malaini, hayakwaruzi sufuria. Ila yanakunywa sabuni!"

"Umeyapata wapi?"

"Si yalikuwa yamefungiwa vile vitunguu."

"Vitunguu vipi?"

"Vya droo ya friji. Vidogo vidogo, hata harufu havina. Sijui nani anakuuzieni. Nilivionja nikaona havina nguvu, nikavitia vyote."

Nikashika ukingo wa sinki. Mke wangu akaingia na bilauri, akanitazama uso, akatazama lile donge linatoa povu, akaziweka bilauri chini taratibu, akaenda zake chumbani. Kicheko chake nilikisikia kupitia mto na mlango.

Kule Wilmington, tangu 2014, kumwiba Mla Nzi porini ni kosa la jinai, na si dogo, mtu anafungwa. Kumtia kwenye nazi na bizari, nadhani haikumjia mtu yeyote aliyeandika sheria hiyo.

Halafu nikakumbuka kitu. Mmea huu, ukibandua jani lake likatoka pamoja na ile sehemu nyeupe ya chini, lile jani ukilifukia kwenye unyevu linaweza kuchipua mmea mwengine.

"Shangazi, ulivimenya?"

"Mie nipike kitunguu na maganda yake? Mie mshamba?"

"Maganda yako wapi?"

Akanionesha ndoo ya taka kwa kidevu.

Nikapiga magoti. Kulikuwa na mifupa ya kuku, machicha ya nazi, maganda ya embe, maganda ya vitunguu vya kweli, na humo ndani, kimoja kimoja, vipande vyangu vyeupe. Nimejiinamia, kanzu nimeikunja mpaka magotini, mkono umezama mpaka kwenye kisugudi. Kila nikipata kimoja nakiinua kwenye mwanga wa dirisha nikikague, nakipuliza, nakiweka kwenye kisahani. Nilipokiinua kimoja kizuri hasa, nikahisi mtu mlangoni.

Ami alikuwa kaja kutafuta maji ya kunywa. Sijui alisimama pale tangu lini.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini kabisa, "hukushiba?"

"Nimeshiba, ami. Kuna kitu natafuta."

"Kuku bado yupo sebuleni. Hatujamgusa yule wa pili."

"Ami, haya si ya kula, ni ya kupanda."

Hapo ndipo nilipoharibu zaidi. Akatikisa kichwa, akarudi sebuleni bila maji. Nikasikia minong'ono, kisha kimya, kisha mtu akasema "maskini". Walipoaga tukawasindikiza kupitia roshani, na ami akaiona ndoo chini ya kiyoyozi. Akaitazama muda mrefu. Kwenye ngazi akanivuta pembeni, akanitia kitu kwenye mfuko wa kanzu, na nilipojaribu kukitoa akanibana mkono.

"Mambo yakikuzidia usione haya kusema. Sisi si watu baki."

Zilikuwa rial ishirini. Nilinunulia sfagnamu mpya.

Kwa habari ya matumbo, hakuna aliyeumwa. Ami keshampigia simu shangazi kumwambia mchuzi wa Idi uwe ule ule.

Maganda niliyafukia kwenye kibati cha halua, maji ya kiyoyozi, taa juu. Mengi yalioza. Machache yaliyosalimika yameanza kutoa vichipukizi, na kimoja tayari kina mdomo ambao hata sisimizi hauenei. Shangazi, aliyekuja kwa mwezi mmoja, bado tunaye. Kwa hiyo nikachukua kalamu ya wino mnene, nikaandika ubavuni mwa kibati kwa herufi kubwa: DAWA. USIGUSE. Kwetu dawa inaheshimiwa, nikajua sasa nimepona.

Jana usiku namkuta amevuta kiti mbele ya kibati, miwani puani, anasoma.

"Dawa ya nini hii?"

"Ya... ya mimea, shangazi."

"Usinifiche mie. Ulikuwa ukiitafuta mpaka jaani, watu wazima wamekuona. Goti langu hili tangu Unguja halilali. Nipe jani moja tu, nitalitafuna na asali."