Mama wa dagaa si tapeli: kuhusu mizigo inayochelewa kutoka Kigoma

Malalamiko ni yale yale, mnunuzi awe Dar es Salaam, Dodoma au Morogoro. Nilituma hela ya dagaa Kigoma, nikaambiwa kesho, kesho ikawa wiki, na mzigo ulipofika bei ilikuwa imepanda na dagaa wana mchanga. Basi wauza dagaa wa Kigoma wote wanaitwa matapeli.

Matapeli wapo. Wapo wanaochanganya dagaa wa Kigoma na wa Mwanza, wapo wanaofunga gunia dagaa hawajakauka ili mzani usome vizuri, na wapo wanaozima simu hela ikishaingia. Aliyeumizwa na hao ana haki ya kuogopa. Lakini mengi ninayoyasikia si wizi, ni mteja kutoambiwa ziwa linavyokwenda.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta juu, kisha wavu huinuliwa kutoka chini yao. Mbalamwezi ikitanda, taa hazifui dafu: samaki hawakusanyiki, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Kwa hiyo kila mwezi zipo siku ambazo mwalo wa Kibirizi, ufukwe wa Kigoma wanakoshushia samaki, hauna dagaa wa maana, na hao wachache hugombewa. Mama anayeuza dagaa anajua fika kwamba mzigo utapatikana giza likirudi. Mbona basi anaandika "kesho, bosi"? Kwa sababu akiandika "subiri giza", bosi anahamia kwa mwingine atakayemwambia kesho. Uongo huo ni wake, lakini haraka ya mteja ndiyo inayoulea.

Halafu kuna bei, na hapa ndipo ninapomhurumia mama zaidi. Mwaloni hununua dagaa wabichi, na karibu robo tatu ya uzito wa dagaa mbichi ni maji. Kilo 4 alizolipia zikikauka, anabaki na kilo 1 na kidogo. Mteja aliyesikia bei ya wabichi ufukweni anauliza kwa nini auziwe ghali hivyo, wakati karibu kilo 3 alizolipia mama zimepotea juani. Bado gunia, bado kibarua wa kuanika na kugeuza, bado nauli ya mzigo, ambayo hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Mchanga nao una sababu: chanja, yaani kichanja cha kuanikia juu ya ardhi, ni mtaji, na asiye nayo huanika chini mchangani. Anayetaka dagaa wasio na mchanga kwa bei ya walioanikwa chini anataka mtu mwingine amlipie chanja.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Oda hazikukoma. Waliokuwa na akiba waliuza kwa bei ya uhaba, wakaitwa wanyonyaji, kana kwamba wao ndio waliofunga ziwa.

Nawadai wauzaji jambo moja bila huruma: waache "kesho". Wataje siku kwa kufuata giza, watume picha ya mzigo kabla ya kuufunga, na wauze kwa kilo badala ya sado, yaani kipimo cha ndoo ndogo. Mteja naye aulize mapema kama ni dagaa wa chanja au wa mchanga, na akikubali bei asiirudie mzigo ukiwa njiani.

Linalobaki gumu ni mvua. Mawingu ya siku mbili tu yanatosha kuwageuza dagaa weupe kuwa wa kahawia wenye harufu, na leo hasara hiyo yote humwangukia mama, ambaye hela iliyotangulizwa ameshaimaliza mwaloni. Naona haki ni wakubaliane kabla hela haijatumwa: mzigo ukilowa, mteja achague kusubiri anikio jingine au kuchukua wa daraja la pili kwa bei pungufu. Kumdai arudishe hela yote usiku huo huo ni kumdai asichokuwa nacho, na wengine huzima simu kwa sababu hiyo tu.