Mchango wa Dhamana

Nilipohamia Fall River, Massachusetts, ghorofa ya chini aliishi bibi wa Kireno kutoka kisiwa cha São Miguel. Kiingereza kilimpiga chenga, na changu kilikuwa cha kuombea maji. Tukaelewana kwa maneno ambayo mababu walishaazimana: meza yeye mesa, bendera bandeira, leso lenço. Mimi mtoto wa Mombasa nikajiona mkalimani kamili.

Jumapili moja baada ya Pasaka namkuta ngazini anafuta machozi. Namuuliza, mzee wako yuko wapi?

"Igreja, filho. Igreja!"

Gereza! Mzee wa watu, ambaye kosa lake pekee nililolijua ni kumwagilia kabichi alfajiri!

Nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: jirani kawekwa ndani, tuchange dhamana. Hadi adhuhuri dola 140 zilishafika, na maswali. Kosa gani? Nikajibu bila haya: mambo ya hati za uhamiaji.

Nikazitia kwenye bahasha, nikashuka na akina mama wawili waliojifunga leso, nyuso za msibani. Kufungua mlango wa mbele, tarumbeta! Barabara nzima bendera nyekundu, na mzee katikati, suti imenyooka, amebeba sinia lenye taji la fedha, juu yake njiwa. Kumbe ni sikukuu yao ya Roho Mtakatifu, na kura ya kulipokea taji lake nyumbani ilikuwa imewaangukia wao. Bibi alikuwa akilia kwa furaha.

Ningerudi ndani, lakini mkono ulishanyooka. "Pole, mzee." Akaibusu bahasha, akailaza chini ya taji, akanikumbatia. Umati ukapaza: "Viva!"

Mjukuu wao akanifafanulia kuwa igreja ni kanisa. Lawama nawapa mababu: neno walilipokea kwa Wareno likiwa kanisa, likatufikia sisi likiwa jela. Waingereza nao wakaja kuifanya Fort Jesus, ngome ya Wareno hao hao pale Mombasa, gereza kweli, 1895 hadi 1958. Mimi ningejuaje?

Tukakalishwa kula sopas: mkate uliolowa mchuzi wa nyama, na nanaa juu. Bure kwa kila apitaye, kwa kuwa inasimuliwa Malkia Isabel wa Ureno alimwekea Roho Mtakatifu nadhiri ya taji lake njaa ikiisha. Akina mama wangu walishasahau msiba, wako sahani ya pili.

Simu ikalia, mchangiaji wa dola 20.

"Ametoka?"

"Ametoka," nikasema, mzee akiniongezea nyama.

"Dhamana imetosha?"

"Imetosha. Chenji ndiyo tunaila."