Kaboni au bila kaboni: mota za tairi katika roboti za mapigano

Aliyewahi kufungua grainda iliyogoma akakuta kaboni zimelika anaujua udhaifu wa mota ya kizamani. Umeme hupitia vipande viwili vya kaboni vinavyosugua shaba inayozunguka, na kusugua huko huzaa cheche, joto na vumbi. Mota isiyo na kaboni imegeuza mambo: sumaku ndizo zinazozunguka, koili zimetulia, na kontrola ndiyo inayoamua koili ipi ipate umeme na lini.

Katika roboti za mapigano, mchezo wa kupambanisha ulingoni roboti zinazoongozwa kwa rimoti, uliopata umaarufu Marekani na Uingereza miaka ya 1990, upande wa silaha ubishi umekwisha. Diski ya chuma aghalabu huwashwa mara moja ikazunguka hadi mwisho wa pambano, na kazi hiyo mota isiyo na kaboni inaiweza vizuri mno. Ubishi umebaki kwenye tairi.

Tairi husimama, hurudi nyuma, husukumana na adui, husimama tena. Kontrola ya kawaida, isiyo na sensa, hujua sumaku ziko wapi kwa kusoma volti ndogo inayozalishwa na mota yenyewe ikizunguka. Mota ikisimama, volti hiyo haipo. Kontrola hubahatisha, ikikosea, mota hutetemeka papo hapo kama mgonjwa wa homa, na adui hangoji. Mota ya kaboni haibahatishi: inapoanza kutoka kusimama ndipo nguvu yake ya kuzungusha huwa kubwa kuliko wakati wowote. Wanaoitetea wana hoja, ila husahau bei yake. Mota yenye ukinzani wa omu 0.5 ikizuiwa kwenye volti 12 hufyonza ampea 24, yaani wati 288, na zote ni joto tupu.

Upande wa pili, wa mota isiyo na kaboni, una hoja ya uzito: ni nyepesi kwa nguvu ileile. Katika daraja la kilo 1.5 la Uingereza, kila gramu iliyookolewa kwenye mota huhamia kwenye ngao au silaha. Lakini naona wengi wanaolalamikia kutetemeka wamekosea gia, si mota. Chukua mota ya mizunguko 1,000 kwa dakika kwa kila volti, betri ya volti 14.8, tairi ya kipenyo cha milimita 50. Bila gia, kwa hesabu ya karatasi, roboti ingekimbia karibu kilomita 140 kwa saa ndani ya kisanduku cha ulingo! Weka gia ya kumi kwa moja, ibaki 14. Hapo hata mota ikihangaika nusu mzunguko kabla ya kushika, tairi imesogea milimita 8 tu. Dereva hatambui.

Gia haisaidii ukibanwa ukutani, tairi zisipozunguka kabisa. Dawa ya hilo ni sensa, kama zile za pikipiki za umeme, ambazo sensa ikifa pikipiki hutetemeka badala ya kuondoka. Ila sensa huongeza nyaya tano nyembamba, na ulingoni kila waya ni mahali pengine pa kukatika. AM32, programu huria inayowekwa ndani ya kontrola, hujaribu njia nyingine: huizungusha mota taratibu kwa mawimbi laini mpaka ifikie kasi inayosomeka. Inafaa, ingawa nguvu katika hatua hiyo bado ni ndogo.

Anayeunda roboti yake ya kwanza ningempa mota ndogo za kaboni zenye gia: nyaya mbili kila moja, na hitilafu huonekana mara moja. Anayebanwa na uzito aende bila kaboni, akikumbuka kwamba kontrola nyingi za droni huja zikijua upande mmoja tu, hivyo lazima zipangwe upya ziweze kurudi nyuma. Kisha aielekeze roboti ukutani nyumbani kwake, aisukume na kuirudisha mara ishirini mfululizo, na aguse kontrola kuona imepata moto kiasi gani.