Acheni "discuss about" ipumzike, shida iko kwenye "by"

Kuna watu mtandaoni kazi yao ni kuvizia tu, wanasubiri mtu aandike "let us discuss about this" wamrukie, ati "about" hapo ya nini, "discuss" yenyewe si inatosha. Sawa, inatosha. Ila niambieni nani amewahi kuisoma hiyo sentensi akashindwa kuielewa? Hakuna. Na wenye lugha yao wenyewe mbona hawapatani kwenye hivi vihusishi, Mwingereza anasema "at the weekend" Mmarekani anasema "on the weekend", fomu ileile mmoja ana-"fill in" mwenzie ana-"fill out", na hakuna anayemkejeli mwenzie. Hata hapa kwetu, ukiwa Unguja uko "in Zanzibar", ukisema kisiwa tu bila jina tayari uko "on the island", na hujasogea hata hatua moja. Sheria ya hivyo vitu ni mazoea, basi.

Mi naona tunawindana kwa makosa yasiyo na madhara halafu lile lenye hasara linapita mchana kweupe. Lenyewe ni "by", hasa ikikaa na tarehe.

Chukua mtu wa bukingi kwenye ofisi ya safari, Arusha au popote, anamwandikia mgeni imeili: "We will hold your rooms by 15 March. Please pay until 15 March." Ukiipitia haraka iko safi, spelingi sawa, nukta ipo. Alichotaka kusema ni kwamba vyumba tunakushikia mpaka tarehe 15 na hela iwe imeshaingia ifikapo tarehe 15. Alichosoma mgeni sasa: ikifika tarehe 15 ndo vyumba vitakuwa vimeshikwa, kumbe leo bado, halafu mimi niwe nalipa, nalipa, nalipa, mpaka hiyo 15. Mwingine atauliza, mwingine hatauliza, ataona hawa jamaa hawaeleweki na hela yake inaenda kampuni nyingine. Na wewe utabaki unasema wageni wa siku hizi wanasumbua.

Kinachotuponza ni "mpaka" na "hadi" zetu, zinabeba mizigo miwili bila kulalamika. "Duka liko wazi mpaka saa mbili", hapo ni jambo linaloendelea halafu linakata. "Mpaka saa mbili uwe umefika", hapo ni tukio moja, lina mwisho wake tu wa kutokea. Sisi tunaelewa kwa kusikia kitenzi, Kiingereza kinakulazimisha uchague, linaloendelea linachukua "until", la mwisho wa kutokea linachukua "by". Na wala sio kwamba Kiswahili hakina cha kutusaidia, maana magazeti yameandika "ifikapo tarehe 30 Juni" miaka nenda rudi. Kwa hiyo kabla hujaandika jaribu kuweka "ifikapo" au "kufikia", ikikubali basi hiyo ni "by". Vyumba tunakushikia ifikapo tarehe 15? Haikai. Uwe umelipa ifikapo tarehe 15? Inakaa. Kipimo hicho hakinaga longolongo, na sijui kwanini shuleni tulimalizia kwenye mpira uko juu ya meza, mpira uko chini ya meza, kana kwamba maisha yote tutakuwa tunatafuta mpira.

Sehemu mbaya zaidi ni ukiweka kukanusha. "The report won't be ready until Friday", maana yake usiitegemee kabla, Ijumaa ndo itakuwa tayari. "The report won't be ready by Friday", maana yake Ijumaa itafika na ripoti haipo, jipange. Neno moja limebadilika na bosi mmoja anatulia, mwingine anaanza kupiga simu. Hapo hata grama cheka ya kompyuta haikusaidii, maana zote mbili ni sahihi, ni wewe tu unayejua ulikuwa unataka kusema nini.

Kwenye bei napo, haraka tu. Kitu cha 100,000 ukiandika "reduced by 30,000" mteja analipa 70,000, ukiandika "reduced to 30,000" analipa 30,000. Kiswahili kinasema "imepungua kwa" na "imepungua hadi", tofauti tunayo kabisa mdomoni, ila tukihamia Kiingereza vidole vinaandika chochote, alafu mteja anakuja dukani na skrinshoti mkononi, hapo bishana naye sasa.

Na kwa mabosi wanaoandika "send it by Friday" halafu Ijumaa saa tatu asubuhi tayari wamenuna: kwa kawaida Ijumaa yenyewe imo humo ndani, mtu akileta jioni kabla ofisi haijafungwa amewahi. Kama kazi unaitaka Alhamisi andika "before Friday", au andika tu Alhamisi.