Ukisema ukweli ni wa matajiri, umewapa na mizani

Kijiweni kwetu Masasi, kusini mwa Tanzania, haipiti wiki bila kijana mmoja aliyemaliza chuo kutuambia kwamba huo tunaouita ukweli umetengenezwa na wenye mali. Takwimu zao, vyuo vyao, magazeti yao; kwa hiyo hakuna kweli wala uongo, kuna tabaka na tabaka. Wenzake wanampigia makofi. Mimi ubepari siupendi na sijawahi kuupenda, lakini hapo ndipo tunapoachana.

Nichukue kangomba, ulanguzi wa korosho kabla ya msimu, maana huku hakuna asiyeijua. Mwanzoni mwa mwaka chakula ndani kimekwisha, mtoto anatakiwa shule, mikorosho ni majani matupu. Anakuja mtu na fedha mkononi, mnapatana kilo utakazomlipa msimu ukifunguka. Siku ya kulipa haji na mizani, anakuja na bakuli. Analijaza, analitikisa korosho zishuke, anaongeza mpaka kichuguu kinasimama juu, ndipo anahesabu "moja". Zipeleke zilezile kwenye mizani, utakuta kilo imepitwa zamani. Sasa mwambie yule mama anayetazama mavuno yake yakiondoka kwamba uzito nao ni simulizi ya kibepari. Silaha aliyobaki nayo ni kwamba kilo ni kilo, apime tajiri au apime maskini. Wewe msomi umekuja kumsaidia, unaanza kwa kumnyang'anya hiyo.

Karl Marx mwenyewe, mkosoaji mkuu wa ubepari, hakuwa na mchezo huo. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1867, habari nyingi za watoto waliofanyishwa kazi usiku na vibarua walioibiwa dakika za mapumziko alizichota kwenye ripoti za wakaguzi wa viwanda na tume za serikali ya Uingereza, serikali ya mabepari haohao. Mmoja wa wakaguzi hao, Leonard Horner, Marx alimsifu kwa jina. Hakuuliza kwanza ripoti imeandikwa na mtu wa tabaka gani ndipo aamue kama ni kweli. Na hoja yake ilikuwa nzito kuliko hii yangu ya bakuli: kwamba hata mizani ikiwa sawa, hata kila mtu akilipwa bei halali ya soko, bado kuna kazi inayochukuliwa bure. Hilo ni dai. Laweza kuwa kweli, laweza kuwa si kweli, na wachumi wamelibishania zaidi ya miaka mia. Likigeuzwa kuwa mtazamo wa tabaka langu tu, bepari naye ana mtazamo wa tabaka lake, tena yeye ana na maghala.

Lipo kosa la upande wa pili, nalo limetuumiza watu wa kusini kuliko hili. Ni la yule anayeamini ukweli ameshaukamata, hana haja tena ya macho ya watu.

Azimio la Arusha la 1967 lilisema nchi hii ina unyonyaji, na halikusema uongo. Kisha miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Kwenye karatasi ilikaa vizuri: watu wakikaa pamoja watapata shule, zahanati na maji. Mkorosho haukuulizwa. Mkorosho unataka mwenyewe awe karibu. Chini yake pafyekwe kabla ya msimu, kwa sababu korosho huokotwa, na palipo na nyasi huioni. Na moto wa porini ukiingia kwenye nyasi hizo, shamba umeliaga. Waliohamishwa wengi waliiacha mikorosho yao mbali nyuma yao. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani zipatazo 145,000. Kufika 1986/87 zilikuwa chini ya 17,000. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa katika miaka hiyo vikakosa cha kubangua. Lawama zote siitwishi Operesheni, maana bei ya mkulima ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga uliingia ukaunguza maua. Lakini habari ya nyasi na moto mzee yeyote wa Newala angekueleza kwa dakika tano. Aliyekuwa anauliza alishakuwa na jibu lake: mkulima anayeng'ang'ania mikorosho ni mbinafsi, bado hajaamka. Ukishamwita mtu hajaamka, hakuna tena atakachosema kikakukosoa.

Mwaka 2018 tuliionja tena, kwa kiasi chake. Wakulima waligomea bei za mnada, serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja na malori. Watu walishangilia, na walikuwa na sababu. Kisha ukaja uhakiki: mwenye zaidi ya kilo 1,500 akaonyeshe shamba, kwa dhana kwamba mkulima wa kweli ni mdogo na mwenye nyingi atakuwa mlanguzi wa kangomba. Kangomba walikuwemo, sikatai. Walikuwemo pia wenye ekari zao za halali, wakakaa wakisubiri fedha.

Kwa hiyo huyu kijana wetu simwambii aache mapinduzi. Namwambia aende chama cha msingi cha ushirika siku ya malipo. Kati ya bei inayotangazwa mnadani na fedha inayoingia kwenye akaunti ya mkulima kuna makato: chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafirishaji. Akae na mkulima wayasome mstari kwa mstari, waulize kila shilingi imelipia nini na nani aliipitisha. Mengine atakuta ni wizi mtupu. Mengine atakuta ni halali kabisa, na hayo nayo itabidi aje ayatangaze kijiweni, hata kama yatamharibia hotuba.