Mwalimu Aliyeshuka Cheo: Miaka ya Mwisho ya Carey Francis

Mwaka 1962 Edward Carey Francis alistaafu ukuu wa Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu, baada ya kuishikilia nafasi hiyo kwa miaka 22. Umri wake ulikuwa unakaribia 65. Angerudi kwao Uingereza kupumzika, hakuna ambaye angemlaumu. Angebaki Kenya kama mzee wa heshima, akialikwa kwenye sherehe na kuketishwa meza kuu, pia ingeeleweka, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi wake wa zamani walikuwa wakijiandaa kushika serikali. Hakufanya hilo wala lile. Alikwenda kufundisha katika Shule ya Sekondari ya Pumwani, mashariki mwa Nairobi, na kazi hiyo aliifanya mpaka alipofariki mwezi wa Julai 1966. Maoni yangu ni kwamba miaka hii minne inatueleza mengi zaidi juu ya utumishi wa mtu huyu kuliko ile 22 inayotajwa kila anapokumbukwa, na kwamba tumeisahau kwa sababu hatujazoea kusifu kazi isiyo na cheo.

Nianze na aliyoyaacha nyuma, kwa kuwa uzito wa uamuzi wa 1962 haueleweki bila hayo. Alizaliwa London mwaka 1897, akapigana katika Vita Vikuu vya Kwanza, kisha akasomea hisabati Cambridge na kuwa mhadhiri wa somo hilo katika chuo cha Peterhouse. Kwa mwanahisabati kijana wa wakati ule, hicho kilikuwa kiti ambacho wengi walikipigania maisha yao yote wasikipate. Mwaka 1928 alikiacha, akaja Kenya chini ya shirika la kimisionari la CMS, akakabidhiwa shule ya Maseno karibu na Kisumu. Hapo ndipo wavulana wa Nyanza walipoanza kuijua hulka yake: kelele nyingi, nidhamu kali, na subira isiyokwisha kwa mtoto anayehangaika na hesabu. Aliandika pia vitabu vya hesabu vya shule za msingi, na watoto wengi wa Afrika Mashariki ambao hawakupata kumwona kwa macho walijifunza kugawanya na kuzidisha kupitia kurasa zake.

Alipohamia Alliance mwaka 1940, shule ilikuwa na umri wa miaka 14 tu, ikiwa imefunguliwa mwaka 1926 na muungano wa makanisa ya Kiprotestanti. Wito wa shule ulikuwa kuwa na nguvu ili kutumika, na Francis aliuchukua wito huo kwa maana yake kamili, akiamini kwamba mwanafunzi anayepewa nafasi ambayo maelfu wameikosa anadaiwa. Wavulana walivaa kaptura za kaki, walikaguliwa usafi, walifanya kazi za mikono, na hakuna aliyeruhusiwa kudhani kwamba kufaulu mtihani wa Cambridge kumemwondolea wajibu wa kufagia. Orodha ya waliopitia hapo inajulikana: Charles Njonjo, aliyekuja kuwa mwanasheria mkuu, Ronald Ngala, mwana wa Pwani ambaye naye alishika chaki na kuongoza Shule ya Buxton mjini Mombasa kabla ya siasa kumchukua, na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa hapo kuanzia 1955 hadi 1958. Orodha hiyo ndiyo inayosomwa kila mwaka, na ndiyo inayomfanya Francis aonekane kama fundi wa viongozi. Mimi sijawahi kuridhika nayo. Mwalimu kupimwa kwa mawaziri aliowafundisha ni kuwasahau wale ambao hawakuwa mawaziri, nao ndio wengi.

Wala haifai kumwandika kana kwamba hakuwa na dosari. Alikuwa mzungu mmisionari katika koloni, na alifikiri kama mzungu mmisionari katika koloni. Aliiona Mau Mau, uasi wa silaha dhidi ya ukoloni, kuwa uovu mtupu, na hakuweza kuona kwa upana wake ile njaa ya ardhi na ya utu iliyowasukuma msituni ndugu na wazazi wa wanafunzi aliokuwa akiwafundisha. Oginga Odinga, aliyekuja kuwa makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, aliyesoma Maseno na baadaye akafundisha huko chini yake, alivutana naye waziwazi, kwa kuwa Odinga hakuwa mtu wa kukubali kwamba mwalimu Mwafrika asubiri kuambiwa lini amekomaa. Katika mvutano huo mimi niko upande wa Odinga. Heshima ambayo Francis alimpa Mwafrika ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa heshima ya baba kwa mwana, na mtu mzima hachoki kuikataa heshima ya namna hiyo.

Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, alipopata habari za mateso na mauaji yaliyofanywa na vikosi vya serikali, hakunyamaza. Alipaza sauti dhidi ya ukatili huo wakati ambapo wazungu wengi waliona kwamba kuulaumu upande wao ni usaliti. Hilo halifuti upofu wake wa kwanza. Linaonyesha tu kwamba kanuni aliyowafundisha wavulana, ya kusema ukweli hata ukikugharimu, hakuiwekea mpaka wa rangi. Ngũgĩ, ambaye kaka yake alikuwa msituni wakati yeye akiwa darasani Alliance, alimwandika baadaye kwa heshima na ukosoaji vikiwa pamoja, na nadhani hiyo ndiyo mizani inayomfaa.

Sasa turudi Pumwani. Anayeifahamu Nairobi anajua kwamba kutoka Kikuyu hadi Pumwani ni takriban kilomita 20, lakini kwa hadhi ni safari ndefu zaidi. Alliance ilikuwa na miti, kanisa lake, viwanja vya michezo na wavulana waliochujwa kutoka kila pembe ya nchi. Pumwani ni mtaa uliojengwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika ambao wakoloni hawakuwataka katikati ya mji, wengi wao wakiwa wamebomolewa vijiji vyao vya mwanzo. Ni mtaa wa nyumba za Kiswahili za vyumba vya kupanga, wa misikiti na makanisa, wa mama ntilie na mafundi cherehani, ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani wakati sehemu nyingine za bara kilikuwa bado lugha ya soko. Mtoto wa huko alisomea palipo na kelele na kulala palipo na watu wengi. Huyo ndiye aliyepata, bila kuomba, mwalimu wa hisabati aliyewahi kufundisha Cambridge.

Tukumbuke pia hali ya nchi. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na shule za sekondari 151 tu, zenye wanafunzi 30,000 na ushei, kwa taifa lililokuwa na mamilioni ya watu. Kila mtu alitaka shule. Wazazi walichanga, wakafyatua matofali, wakaezeka mabati, na shule za harambee zikachipuka kila tarafa, hata ilipofika katikati ya miaka ya 1970 zikawa zimezidi zile za serikali kwa idadi. Lakini majengo yalitangulia walimu. Unaweza kuchanga fedha Jumamosi moja ukapata darasa. Huwezi kuchanga Jumamosi moja ukapata mwalimu wa hisabati. Kwa hiyo mtu mwenye umri wa Francis, ambaye bado alikuwa na nguvu za kusimama mbele ya ubao, alikuwa na kitu ambacho hakikuwa kikipatikana kwa bei yoyote, akakitoa mahali kilipokosekana zaidi.

Na hapa nagusa jambo ambalo wastaafu wengi watalielewa kuliko sisi tulio bado kazini. Kwa mtu aliyezoea kuamua, hakuna kazi ngumu kama kuamuliwa. Mkuu wa shule kwa miaka 22 ana mazoea yake: kengele ilie anapotaka, ratiba ipangwe anavyopenda, mwalimu kijana asimame anapoingia. Kuingia katika chumba cha walimu cha shule nyingine, ukapewa vipindi vyako na rundo la madaftari ya kusahihisha kama mwingine yeyote, huku shule ikiendeshwa na mtu mwingine kwa namna ambayo pengine wewe usingeiendesha, kunahitaji unyenyekevu ambao haufundishwi kwenye semina za maandalizi ya kustaafu. Semina hizo huzungumzia ng'ombe wa maziwa, nyumba za kupangisha na ushirika wa akiba. Ni sawa, mtu ale. Ila hakuna anayemuuliza mwalimu anayeondoka kama kuna somo ambalo angependa kuendelea kulifundisha.

Badala yake tumejenga desturi ya ufadhili wa jukwaani. Mtu mashuhuri anafika na msafara, anatangaza kiasi, anapigiwa makofi, na jina lake linaandikwa kwenye ukuta wa bweni. Sisemi fedha hizo hazina maana, kwa sababu nimeona mabweni yaliyojengwa hivyo na watoto wanalala ndani yake. Tatizo langu ni kwamba utoaji wa aina hii ndio pekee tunaoutambua. Mwalimu mstaafu wa kijijini anayewakusanya watoto wa jirani jioni akawaeleza sehemu na desimali, anayewaandikia wajane barua za kwa chifu, anayekaa kwenye bodi ya zahanati bila posho, hatumhesabu miongoni mwa wafadhili. Tunasema tu kwamba mzee yule hapendi kukaa bure.

Najua pingamizi litakalokuja, na lina nguvu. Carey Francis hakuoa, hakuwa na watoto wa kulipia karo, na alikuwa na taasisi nyuma yake. Mwalimu wa Kenya anastaafu akiwa na umri wa miaka 60, mara nyingi bado ana mtoto chuoni, mama mgonjwa, mkopo ambao haujaisha, na pensheni inayochukua miezi kufika. Walimu wastaafu walionyimwa nyongeza iliyotokana na makubaliano ya mishahara ya 1997 walikwenda mahakamani, wakashinda katika Mahakama Kuu ya Nakuru mwaka 2008, na miaka mingi baadaye walikuwa bado wakizungushwa kati ya ofisi moja na nyingine, huku wenzao wakizikwa mmoja baada ya mwingine. Kumwendea mtu kama huyo na kumhubiria habari za kujitolea ni utovu wa adabu. Serikali inayotaka wazee wake watumikie tena, ianze kwa kuwalipa walichokwisha kukitumikia.

Lakini deni hilo likilipwa, bado kuna kazi iliyo mikononi mwa bodi za shule zenyewe, ambayo haihitaji sheria mpya. Shule nyingi za kutwa zinaendeshwa na walimu vijana walioajiriwa na bodi kwa malipo madogo, baadhi yao wakiwa hawajapata hata mtu wa kuwaonyesha namna ya kupanga somo. Kilomita mbili kutoka shuleni anaishi mwanamke au mwanamume aliyefundisha kemia kwa miaka 30. Bodi imwite, impe nauli na chakula cha mchana, impe vipindi viwili au vitatu kwa wiki, na imwombe akae na mwalimu kijana baada ya vipindi hivyo. Isimpe cheo cha mlezi wa shule, wala isimwalike tu siku ya kugawa zawadi. Wengine watakataa, kwa haki kabisa, kwa kuwa wamechoka. Watakaokubali, mkuu wa shule awaandikie majina yao kwenye ratiba ya ukutani, sambamba na ya walimu wengine.