Nani Kasema AMV ni Kubandika Wimbo Tu?

Nimetoka kwenye shindano moja la vipaji vya vijana hapa Mbeya na hasira ambayo mpaka leo haijapoa. Kijana wa Uyole, mwanafunzi wa chuo, alileta AMV yake, yaani video ya vipande vya anime (katuni za Kijapani) vilivyokatwa na kuunganishwa kufuata wimbo: Naruto na Sasuke, marafiki waliogeuka mahasimu, wakipigana, chini yake wimbo wa roki wenye gitaa zito. Ukumbi ulitulia. Hata waliokuwa wanachati waliweka simu chini. Ilipoisha, jaji akashika maiki akasema, "Mwanangu, hii si kazi yako. Umechukua katuni ya Wajapani, ukabandika wimbo wa Wazungu." Kijana akapewa alama za mwisho kabisa. Aliyeshinda aliimba juu ya biti aliyoishusha mtandaoni, na hakuna aliyemuuliza biti ile ni ya nani.

Ningenyamaza kama ingekuwa kauli ya mtu mmoja. Naisikia Mwanjelwa, naisikia Iringa kwa wanachuo, na inawavunja moyo vijana wenye jicho na sikio ambavyo wengi wetu hatuna.

Hebu tuangalie alichofanya kijana yule. Anime inakwenda fremu 24, yaani picha tuli 24, kwa sekunde. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika unakupa fremu 12 tu kutoka pigo moja hadi jingine. Ndani ya nusu sekunde hiyo ngumi inatakiwa itue pale pale dramu inapogonga. Na anayeijua kazi hategemei kukata peke yake. Anaacha kipande kitembee, jicho lifumbuke, upanga uchomoke alani, na ule mwendo wenyewe ndio unaogongana na dramu. Halafu mitego yake ni mingi. Wachoraji wa anime mara nyingi hushikilia mchoro mmoja kwa fremu mbili au tatu, kwa hiyo ukipunguza kasi ovyo picha inakwamakwama. Vipande vizuri vina maandishi ya tafsiri chini. Mhusika anaongea, sauti umeizima, mdomo unabaki unachezacheza bure. Kijana yule alivikwepa vyote: akatafuta pale Sasuke alipogeuka, pale mvua inaponyesha, akavuta picha karibu mpaka maandishi yakatoka nje. Alifanya hayo yote kwa simu, usiku, maana bando la usiku ndilo analoliweza, na baridi ya Uyole ya mwezi wa saba mnaijua wenyewe.

Jaji anasema si kazi yake kwa sababu hakupiga picha mwenyewe. Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri. Baada ya mapinduzi ya 1917 huko Urusi, mikanda ghafi ya filamu ilikuwa adimu mno. Mwalimu wa filamu Lev Kuleshov na wanafunzi wake mjini Moscow wakajifunza kwa kukata na kuunga upya filamu zilizopigwa na watu wengine. Katika majaribio yake alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso uleule, usiobadilika. Ukifuatiwa na bakuli la supu, watazamaji wanaona mtu mwenye njaa. Ukifuatiwa na jeneza, wanaona mtu mwenye majonzi. Mwigizaji hakufanya chochote cha ziada; maana ilizaliwa pale vipande viwili vilipokutana, na aliyevikutanisha ndiye aliyeizaa. Jaribio hilo linafundishwa mpaka leo kwenye vyuo vya filamu. Mwaka 1927 Esfir Shub akatengeneza filamu nzima ya anguko la ukoo wa kifalme wa Romanov kwa mikanda iliyokuwepo tayari, na historia ya sinema inamheshimu kama mtunzi.

Wale Warusi hawakuwa na mikanda mipya. Vijana wetu hawana kamera. Mtoto wa mkulima wa viazi kule Uporoto atanunua lini kamera, taa na lenzi, alipe na waigizaji? Lakini simu anayo, na anime anayo kwenye flashi. Hiyo ndiyo shule ya filamu iliyomfikia, na anaisoma kwa bidii kuliko wengi waliolipiwa ada.

Na pale ukumbini tuliona kazi hiyo ikifanyika. Katikati ya wimbo gitaa lilikatika ghafla, na kijana akaweka Naruto mdogo kwenye bembea, peke yake, wenzake wakipokelewa na wazazi wao. Sekunde chache tu. Kisha kiitikio kikapasuka na ngumi zikarudi. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu, ambaye nina hakika hajawahi kuangalia anime, akanishika mkono: "Kumbe hawa ni ndugu wa damu?" Hakuelewa neno hata moja la wimbo wala hakusomewa kisa. Aliambiwa na mkato ule. Mtu anayeweza kumfanya mama yule aulize swali lile ana kazi yake, na jina lake linastahili kuandikwa juu yake.

Wengine wananiuliza kwa nini lazima roki, kwani bongo fleva imekufa? Haijakufa, naipenda, na amapiano pia. Ila amapiano hukaa kwenye kiwango kimoja muda mrefu, raha kwa kucheza. Roki nyingi zinakwenda na ubeti wa chini chini, halafu kiitikio kinachofumuka, na pambano la anime limejengwa hivyo hivyo: kumbukumbu, ukimya, kisha nguvu zote kwa pamoja. Wanaodai ni muziki wa shetani wasikilize maneno; nyingi zinaimba upweke na msiba.

Haya mambo hayakuanza na TikTok. Mwaka 1982 Mmarekani Jim Kaposztas aliunganisha mashine mbili za kaseti za video, akachukua mapigano makali ya anime ya Star Blazers akayawekea wimbo wa The Beatles unaosifu upendo. Tangu siku hiyo picha na wimbo vinasema pamoja jambo ambalo hakuna kimoja kilichokuwa nalo.

Suala la hakimiliki nalikubali, kwa shingo upande. Sheria yetu ya 1999 ipo, na mwaka 2005 kampuni ya muziki ya Wind-up Records iliutaka mtandao wa mashabiki wa AnimeMusicVideos.org uondoe AMV zenye nyimbo za bendi za Evanescence, Creed na Seether. Ni haki yao. Kijana asiuze, asijifanye mtunzi wa wimbo, aandike majina ya wenyewe mwishoni. Lakini hilo ni jambo la ruhusa, halihusiani na kipaji. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, tulilipa kumsikiliza Lufufu akisimulia filamu ambazo hakuzipiga wala kuzitunga, na hakuna aliyethubutu kusema hana kipaji.

Waandaaji, nawaomba jambo moja linalowezekana kabisa mwakani. Ongezeni kipengele cha kuediti. Wapeni vijana wa Uyole, Soweto ya hapa Mbeya, Tukuyu na Makambako anime ileile na wimbo uleule, wakalale navyo usiku mmoja, kesho yake wekeni video zao mfululizo kwenye skrini moja. Na yule jaji mwalikeni, akae mstari wa mbele.